Kwa mtu wa treila, onyo likishafika limeshachelewa

Mama yangu mdogo alinitumia voisi WhatsApp, masika ya mwaka juzi hiyo, sauti yake imetulia kabisa, kwa nyuma nasikia sufuria na watoto wanagombania chaja: "Mwanangu, huku wanasema kuna kimbunga. Sasa hicho kimbunga kinafika lini, kesho au keshokutwa? Nataka nijue kama niende kazini." Yeye anakaa kaunti moja ya mashambani huko magharibi mwa Kentucky, kwenye treila, yaani zile nyumba nyepesi zinazojengwa kiwandani zikaletwa kuwekwa kiwanjani, mimi niko Louisville, mwendo wa masaa kadhaa kwa gari. Na nilipokuja kuifungua hiyo voisi ilikuwa imeshakaa kwenye simu yangu dakika 14. Yaani hicho alichokuwa anauliza kama ni cha kesho au keshokutwa, kingekuwa kinamhusu yeye, mimi ningekuwa nasikiliza sauti ya marehemu.

Hakikumhusu. Kilipita kaunti ya jirani, kikang'oa mabati ya banda la tumbaku na miti, basi. Ila lile swali la "kinafika lini" sijaweza kulisahau, na kadiri ninavyosoma habari za hivi vitu ndo naona swali lake halikuwa la ushamba hata kidogo, lilikuwa swali sahihi kwa neno alilopewa.

Maana sisi Waswahili tukisema kimbunga tunamaanisha nini? Tunamaanisha kitu kinachotoka baharini, kina jina, kinatangazwa siku tatu nne kabla. Kimbunga Jobo, Aprili 2021, watu wa pwani ya Tanzania walikifuatilia kwenye simu kama mechi mpaka kikaja kikapoa kabla hakijafika. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, mamlaka ya hali ya hewa ikatoa taarifa juu ya taarifa, boti zikasimamishwa, watu wakajua kinaelekea Mafia. Hicho ndo kimbunga, kinakupa muda wa kununua mishumaa na unga. Sasa tonado nayo tunaiita kimbunga, neno lile lile, wakati tonado haina jina, haitoki baharini, inazaliwa ndani ya wingu la mvua ya radi na kutoka izaliwe mpaka ikufikie mlangoni inaweza kuwa dakika chache tu. Kiumbo iko karibu zaidi na kile tunachokiita kisulisuli au chamchela, ule upepo wa vumbi watoto wanaukimbiza uwanjani na wazee wanasema una shetani ndani, lakini nani atamwambia mtu "kaa chonjo kuna chamchela inakuja" asichekwe? Mama mdogo kazaliwa Uvira, kakaa Nyarugusu miaka mingi, upepo anaoujua ni wa Ziwa Tanganyika na ule wa kambini unaobeba maturubai. Kimbunga amekisikia redioni. Kwa hiyo alipoambiwa kimbunga akauliza siku.

Humu nitaandika tonado, tuelewane.

Kuna kitu kingine kinachomchanganya, na hapa si yeye tu, hata wenyeji weupe waliozaliwa huko huko kinawachanganya kila mwaka. Simu na redio zinatoa vitu viwili tofauti, "Tornado Watch" na "Tornado Warning". Watch inatoka kwenye kituo kimoja cha taifa kiko Norman, Oklahoma, inafunika eneo kubwa, kaunti hata ishirini au zaidi, kwa masaa kadhaa, maana yake ni kwamba viungo vyote viko jikoni, chakula kinaweza kupikwa au kisipikwe. Warning inatoka ofisi ya karibu, kwa upande ule wa magharibi ya Kentucky ni ofisi ya Paducah, maana yake kimeshaonekana, ama mtu kakiona kwa macho ama rada imeona upepo unazunguka, na kipande cha ramani kinachohusika ni kidogo. Kwa wastani ukipata Warning una kama dakika 10 hivi. Wakati mwingine zaidi, wakati mwingine sifuri.

Na ushauri unaotolewa nchi nzima ni huu: Watch ikitoka, kaa macho. Warning ikitoka, shuka chini kwenye chumba cha chini ya ardhi, kama huna ingia chumba cha katikati ya nyumba kisicho na dirisha. Hebu uangalie huo ushauri vizuri, uliandikwa kwa ajili ya nani? Uliandikwa kwa mtu mwenye nyumba yenye msingi. Mtu wa treila hana chini ya ardhi, na chumba chake cha katikati ni choo chenye ukuta mwembamba unaoweza kuutoboa kwa bisibisi. Idara yenyewe ya hali ya hewa inasema wazi mtu wa treila atoke aende kwenye jengo imara. Sawa, atoke na nini, saa ngapi, aende wapi, kwa dakika 10, usiku, mvua ya mawe inapiga, watoto wanne, gari moja ambalo baba kaenda nalo shifti? Ndo maana nasema, na hili ndo lililonifanya niandike, kwamba kwa mwenye nyumba ya matofali Warning ni saa ya kusogea hatua kumi, lakini kwa mwenye treila Warning ikishalia mlango umeshafungwa. Saa yake ya kuondoka ni Watch. Na mfumo mzima wa kaunti za mashambani, ving'ora, matangazo, mazoezi, kila kitu, umepangwa kuzunguka Warning.

Chukua miji miwili ulinganishe. Greensburg, Kansas, makao ya kaunti ya Kiowa, mji wa watu kama 1,400 katikati ya mashamba ya ngano. Tarehe 4 Mei 2007 usiku, ikapita tonado yenye upana wa karibu kilomita 3, pana kuliko mji wenyewe, ya daraja la EF5 ambalo ndo la juu kabisa, ya kwanza kupewa daraja hilo tangu kipimo kipya kianze kutumika Februari ya mwaka ule ule. Asilimia 95 ya mji ikalala chini. Ukiangalia picha za asubuhi yake utadhani hakuna aliyepona. Waliokufa 11. Kumi na mmoja ni wengi, kila mmoja alikuwa mtu na nyumba yake, lakini mji mzima ulifutwa! Walipewa kama dakika 20, ving'ora vikalia, na kubwa kuliko yote Kansas watu wana vyumba vya chini ya ardhi, ni desturi ya ujenzi kule, walishuka wakakaa, wakapanda hawakukuta nyumba.

Halafu uende Beauregard, kaunti ya Lee, Alabama, tarehe 3 Machi 2019, Jumapili mchana kweupe. Tonado ya EF4, daraja moja chini ya ile ya Greensburg, ikapita sehemu ya mashambani ambako nyumba ziko mbali mbali, siyo mji. Waliokufa 23, na 19 kati yao walikuwa kwenye nyumba za treila. Wataalamu walipokwenda kukagua mabaki wakakuta zile nanga za chuma zinazofunga treila ardhini, nyingi zimeliwa na kutu, nyingine hazikuwahi kutosha tangu mwanzo. Kwa hiyo tonado dogo kidogo, mchana, watu wachache kwa eneo, vifo mara mbili. Huo siyo upepo umefanya kazi hiyo.

Kwa nchi nzima hesabu ni ile ile. Treila ni kama asilimia 6 tu ya makazi ya Marekani, lakini katika watu wanaokufa na tonado wakiwa majumbani, zaidi ya nusu wanakufa kwenye treila. Na treila siyo zote sawa, serikali iliweka viwango vya ujenzi mwaka 1976, halafu baada ya kimbunga cha baharini Andrew kuisambaratisha Florida kusini mwaka 1992 wakaja wakaongeza ukali mwaka 1994, ila ule ukali wa upepo wakauweka kwa maeneo ya pwani yanayopigwa na vimbunga vya baharini. Huku bara, Kentucky, Tennessee, sehemu kubwa ya Alabama, wakabaki na kiwango cha chini. Yaani treila la pwani linajengwa kwa kujua upepo utakuja, la huku linajengwa kama vile upepo hautakuja, na huku ndo kuna tonado.

Sasa mtu atasema, hamieni nyumba za maana basi. Ndugu yangu. Treila la mama mdogo ni la mtumba, anamaliza kulilipa mwakani, kiwanja anakodi, na kwa mshahara wa kiwanda cha kuku hakuna nyumba nyingine ndani ya kilomita 30 ambayo angeweza kuingia na watoto wanne bila kuulizwa historia yake ya mikopo. Hajachagua treila, ndo kilichokuwepo.

Turudi Kentucky yenyewe, maana kaunti ya Graves ndo imefundisha kila kitu kwa usiku mmoja. Graves ina watu kama elfu 36, makao yake ni Mayfield, mji wa watu elfu 10 hivi, tumbaku, mahindi, soya, kuku. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021, Desemba, wakati watu wameshapamba miti ya Krismasi na hakuna anayefikiria tonado, ikazaliwa moja kaskazini magharibi ya Tennessee ikavuka mpaka ikaingia Kentucky na ikakaa ardhini karibu masaa matatu, kilomita 266 kwa mkupuo mmoja. Ikaifikia Mayfield mnamo saa 3 na nusu usiku. Mnara wa saa wa mahakama ya kaunti ukaanguka, makanisa ya zamani ya katikati ya mji yakabomoka, na kile kiwanda cha mishumaa kilichokuja kutangazwa dunia nzima kilikuwa na watu zaidi ya 100 ndani, shifti ya usiku, wanakimbizana na oda za sikukuu, jengo likawalalia, 9 wakafa. Baadhi ya waliopona walisimulia kwenye vyombo vya habari kwamba waliomba kuondoka mapema na hawakuruhusiwa, kiwanda kikakana, kesi zikafunguliwa, mimi siyo hakimu. Ninachojua ni kwamba yeyote aliyewahi kufanya shifti ya usiku kwenye nchi hii, akiwa mgeni, hajui vizuri Kiingereza, anajua kabisa ile hesabu inayopigwa kichwani kati ya kuondoka na kibarua.

Tonado ile moja tu iliua watu 57. Na onyo lilikuwepo! Ofisi ya Paducah ilitoa mpaka ile ngazi ya juu kabisa ya dharura kwa Mayfield kwa jina, ving'ora vililia. Watabiri walifanya kazi yao vizuri kupita kiasi.

Kitu kimoja cha Mayfield ambacho huwa hakisemwi sana: kituo cha zimamoto na kituo cha polisi vilipigwa pia. Wale ambao mpango wote wa dharura unasema "watakuja" walikuwa wenyewe wanajichimbua. Kwenye kaunti ya mashambani zimamoto wenyewe wengi ni wa kujitolea, ni fundi bomba, ni mwalimu, ni mkulima ana redio kiunoni, na nyumba yake nayo imeondoka paa. Kentucky ina kaunti 120, kila moja inatakiwa na sheria kuwa na mkurugenzi wa dharura, lakini ukienda kaunti ndogo unakuta ni mtu mmoja, pengine anafanya na kazi nyingine, ana ofisi moja ndani ya jengo la kaunti, ana gari moja. Juu yake kuna mkuu wa kaunti anayeitwa jaji ambaye wala hahukumu kesi, jina tu la kizamani, na huyo ndo anasaini kutangaza hali ya dharura ili jimbo liingie na baadaye FEMA, shirika la majanga la serikali kuu. Msaada wa kwanza wa kweli, kwa masaa sita ya mwanzo, ni jirani mwenye msumeno wa mnyororo. Hili siyo dongo kwa kaunti, ndivyo umbali ulivyo.

Na usiku. Watafiti walishaonyesha kwamba tonado ya usiku ina uwezekano wa kuua karibu mara mbili na nusu kuliko ya mchana, sababu unazijua bila hata kuambiwa, watu wamelala, huioni, na watu wako kwenye nyumba dhaifu badala ya kuwa kazini au shuleni. Ukanda huu wa Kentucky, Tennessee, Mississippi na Alabama ndo una hizo za usiku nyingi, na ndo una treila nyingi, na ndo una miti na vilima vinavyokuzuia kuona mbali, tofauti na Kansas ambako unaliona wingu tangu liko kaunti ya tatu. Na kwa miongo ya karibuni tonado zimekuwa zinaongezeka huku mashariki kuliko kwenye zile nyanda za zamani ambazo kila mtu anazijua. Mei 2025 ikarudia, safari hii London, kaunti ya Laurel, kusini mashariki ya Kentucky, kuelekea saa 6 usiku, EF4 tena, karibu watu 20 wakafa jimboni. Kabla ya hapo kulikuwa na kelele kubwa kwamba ofisi ya hali ya hewa ya Jackson, huko huko Kentucky, haina watu wa kutosha wa zamu ya usiku kwa sababu ya kupunguzwa wafanyakazi, na kelele hizo ni za haki, ila usiku ule walijipanga wakajaza zamu na maonyo yakatoka. Watu wakafa na maonyo yametoka. Natamani wanasiasa wa pande zote mbili wangelikalia hilo kidogo, maana upande mmoja unadhani ukirudisha watabiri umemaliza, upande mwingine unadhani onyo ni bidhaa ya kubana matumizi, na hakuna anayeuliza mtu akishaonywa aende wapi.

Ajabu ni kwamba huko nyuma shida ilikuwa kinyume. Idara ya hali ya hewa ilikaa miaka mingi ikiwakataza watabiri wake kutumia neno tonado kwenye utabiri, walihofia watu watataharuki. Utabiri wa kwanza uliofanikiwa walitoa maofisa wawili wa jeshi la anga, Fawbush na Miller, kambi ya Tinker, Oklahoma, tarehe 25 Machi 1948, na marufuku haikuisha mpaka miaka ya 50 mwanzoni. Tumetoka kwenye kuogopa kulitamka neno tukafika kwenye kulipiga kwenye kila simu, ni hatua kubwa, tonado ya mwaka 1925 iliyopita Missouri, Illinois na Indiana iliua watu 695 bila hata mmoja kuonywa. Sikatai. Nasema tu faida kubwa ya hatua hiyo imekwenda kwa wenye pa kujificha.

Sasa kuna hoja ya kweli dhidi yangu na sitaki kuikwepa. Nimesema mtu wa treila aondoke kwenye Watch. Watch ni nyingi, kwa mwaka unaweza kupata nyingi tu kwenye kaunti moja na karibu zote hakitokei kitu. Hata Warning zenyewe, kama tatu katika nne hivi hakuna tonado inayothibitishwa. Sasa mtu abebe watoto mara zote hizo, saa 4 usiku, aende akakae kwenye parking ya supamaketi, arudi saa 8, asubuhi shule na kazi? Ya tatu ataacha. Mama mdogo aliniambia kwa lugha yake, "nitakimbia upepo mpaka lini, si nilishakimbia vita?" Sikuwa na jibu la hapo kwa hapo. Watafiti wa serikali walipochunguza Joplin, Missouri, ambako mwaka 2011 walikufa watu zaidi ya 150, waligundua watu wengi hawakukimbia kwa king'ora cha kwanza, walisubiri dalili ya pili, wachungulie dirishani, wapige simu kwa ndugu. Ndo binadamu. Hiyo siyo ukaidi, kimelia mara ishirini bila kitu, ya ishirini na moja unachungulia kwanza.

Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kumwambia mtu awe na bidii zaidi ya kuogopa. Jibu ni kupunguza umbali. Makimbilio yakiwa hatua 200, mtu ataenda hata kwa Warning, hata kwa uvivu. Yakiwa kilomita 15 hataenda hata kwa Watch. Minnesota walilielewa hili zamani, eneo la kupangisha viwanja vya treila lenye nyumba 10 na kuendelea lililopewa leseni baada ya Machi 1988 lazima liwe na jengo la kujificha. Sheria nzuri, ila ukiileta kusini inagonga mwamba, maana huku treila hazijapangwa pamoja, ziko moja moja, kila moja mwisho wa barabara yake ya kokoto kwenye kipande cha ardhi ya babu. Ndo maana Beauregard ilikuwa vile. Kwa hao unahitaji kile kisanduku cha chuma cha familia kinachofungwa kwenye zege, au shimo la uani, na hapo tunaingia kwenye hela.

Hela zipo, kwenye makaratasi. FEMA ina ruzuku za kupunguza athari, kawaida serikali kuu inalipa asilimia 75 ya gharama. Kisanduku ni dola elfu kadhaa. Lakini kaunti lazima iwe na mpango wa majanga uliopitishwa, unaofanywa upya kila miaka mitano, unaandikwa na nani, na yule mkurugenzi mmoja mwenye gari moja. Na mara nyingi hela yenyewe ni ya kurudishiwa, unalipa kwanza wewe, unatunza risiti, unasubiri miezi. Mtu anayeweza kutoa dola elfu nne leo akasubiri kurudishiwa mwakani, huyo mara nyingi hakai kwenye treila! Halafu mwenye treila aliyekodi kiwanja hana hata ruhusa ya kumwaga zege pale. Na Aprili 2025 FEMA ikatangaza kuufuta ule mfuko mwingine wa BRIC uliokuwa unajengea miji na kaunti miundombinu ya kinga, majimbo yakaenda mahakamani. Ukiniuliza mimi, ningechukua nusu ya hela za kununua ving'ora vipya nikajengea zege kwenye shule na makanisa. Alabama tangu 2010 shule mpya lazima iwe na sehemu imara ya kujikinga, hilo ni jambo la maana kabisa, kinachobaki ni nani ana ufunguo saa 7 usiku. Sitanii. Pale kwa mama mdogo kuna jengo la jumuiya la zege, kilomita mbili tu, ukutani wameandika ni makimbilio, na nilipompigia mtu wa pale akaniambia kwa upole kwamba kwa kawaida linafunguliwa na mzee mmoja anayekaa upande wa pili wa mto.

King'ora chenyewe, ujue, hakikutengenezwa ukisikie ukiwa ndani umelala, kimetengenezwa kwa mtu aliye nje shambani. Wengi hawajui hilo, wanasema "sikusikia king'ora" kama vile kimewasaliti.

Simu nazo. Zile tahadhari zinazopiga kelele ya kukutoa roho zinarushwa na minara, siyo intaneti. Mama mdogo wakati ule alikuwa na simu ambayo laini imekatwa, anaitumia kwa waifai ya nyumbani, WhatsApp kama kawaida, kwake simu ni nzima. Simu ya namna hiyo usiitegemee kukuamsha. Na hata ikilia, italia kwa Kiingereza, au Kihispania. Januari 2025 tume ya mawasiliano ya Marekani ilipitisha tahadhari ziandaliwe tayari kwa lugha 13 zaidi ya Kiingereza, Kihispania chenyewe kikiwemo, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihindi, Kivietnam na kadhalika, Kiswahili hakimo. Sio chuki, wamechukua zenye watu wengi kitaifa. Lakini tonado haipigi taifa, inapiga kaunti, na kuna kaunti ambazo Kiswahili ni lugha ya kiwandani na shuleni. Bowling Green, kaunti ya Warren, usiku ule ule wa Desemba 2021, saa 7 na kitu usiku, walikufa watu 17, na mji ule umejaa wakimbizi, Wabosnia, watu wa Myanmar, Wakongo wetu, na familia za wahamiaji zilikuwa kati ya waliopoteza watu. Mfumo wa lugha unatakiwa uanzie chini pale, kwenye kaunti yenyewe, mkalimani mmoja, ujumbe mmoja wa sauti umerekodiwa kabla, unatumwa kwenye grupu. Na usiseme kimbunga tu. Useme: "Upepo wa kuua, unafika sasa hivi, toka kwenye treila."

Nilikwenda kumtembelea wiki mbili baada ya ile voisi. Nikamnunulia redio ya hali ya hewa, zile za dola 30 na kitu zenye betri, unaiwekea namba sita za kaunti yako inakaa kimya mwaka mzima mpaka kaunti yako ihusike. Tukaiweka juu ya friji. Akaniuliza itasema Kiswahili? Nikamwambia hapana, ila ile milio huhitaji kuielewa. Tukaenda kwa jirani, nyumba ya matofali mita kama 300, mzee wa Kimarekani na mkewe, ana chumba cha chini ya ardhi amejaza mitungi ya maharage ya kusindika, watoto wakatafsiri, nikaomba kama Watch ikitoka usiku hawa watano wanaweza kuja kulala. Akasema njooni hata saa ngapi, mlango wa nyuma huwa sifungi. Akatuonyesha. Bawaba zinalia, ngazi za mbao, taa ya kuvuta kwa kamba. Mama mdogo akashuka akapapasa ukuta wa zege kwa kiganja, akagonga mara mbili, akasema kwa Kiswahili hii nyumba ina mizizi.

Mwaka huu wameshashuka mara sita. Hakijatokea kitu. Mtoto wa mwisho sasa anajua kuandaa viatu, maana viatu ndo watu wanasahau, wanatoka kwenye kifusi peku juu ya misumari na vioo, kwa hiyo kila Watch ikitoka anapanga jozi tano mlangoni kwa ukubwa, vya mama kwanza. Ila yule mzee ana miaka 81 na mwanawe anataka ahamie kwake Nashville, nyumba wameshaiweka sokoni, na nimempigia tena yule mtu wa jengo la jumuiya kuulizia habari ya ufunguo. Amesema ataniambia baada ya kikao cha kaunti.